Maneno Kwenye Pakiti ya Maziwa

Hilja Lantto hakuwa mwanamke wa makeke. Alizaliwa kando ya mto Tornio, kaskazini kabisa mwa Uswidi, akaolewa huko huko, akajaliwa watoto watano. Runinga hawakuwa nayo, kwa kuwa imani yao iliikataza, na mambo ya serikali yaliwafikia kwa kuchelewa. Ndiyo maana sheria mpya ya mwaka ule wa 1979 ilimkuta mezani, imeandikwa kwenye pakiti ya maziwa.

Asubuhi hiyo ya Septemba, Raija, bintiye wa miaka minane, alikuwa akinywa uji huku anasoma pakiti kwa sauti, kidole kikifuata maneno.

"Mama, hapa wanasema watoto wasipigwe. Eti ni sheria."

Mwiko ukamganda Hilja mkononi. Jana tu alimchapa Raija kwa fito zilizochomekwa juu ya mlango, kwa kumwacha mdogo wake Paavo peke yake mtoni. Baadaye, kwa desturi ya waumini wao, Raija alimkumbatia mama shingoni, akaomba msamaha, naye Hilja akamtamkia kwamba amesamehewa kwa jina na damu ya Yesu. Yakaisha. Ila alama nyekundu kwenye mashavu ya miguu hazikuisha, na leo muuguzi wa shule anawapima watoto.

"Vaa soksi ndefu, mwanangu."

"Anatuvua zote, mama."

Mtoto alipoondoka, Hilja alimpigia simu Saimi, dada wa mumewe, akamsimulia ya pakiti na ya zile alama. "Wifi, watanichukulia mtoto."

Saimi akacheka. "Serikali siku hizi inakaa kwenye maziwa? Nunua ng'ombe wako, wifi, huyo hana maandishi!" Kisha akashusha sauti. "Ungemwambia aseme alianguka."

"Nimfundishe uongo?"

"Basi muombe Mungu muuguzi asahau miwani."

Lakini Hilja hata kuomba alishindwa. Mkate ukamwungulia. Saa saba akaona gari jeupe la muuguzi likipunguza mwendo penye sanduku lao la barua. Akamnyakua Paavo, akajikunyata naye nyuma ya jiko, akamziba mdomo kwa kiganja. Paavo alidhani ni mchezo, akawa anachekea mkononi mwake. Hapo Hilja akakumbuka: pahali kama hapa ndipo alipojificha yeye utotoni, miguu ya baba yake ikipita sakafuni.

Gari likaenda zake.

Raija aliporudi, alisimama mlangoni bila kuvua koti.

"Alikuuliza?"

"Ndiyo. Nikasema nilianguka vichakani, tulipokwenda kuchuma matunda." Midomo ikaanza kumcheza. "Nimesema uongo, mama. Utanichapa?"

Hofu iliyomshika Hilja sasa haikuwa tena ya muuguzi wala ya serikali. Mtoto huyu alikuwa amebeba dhambi ili kumficha yeye, na bado alikuwa anamwogopa yeye.

Akapiga magoti. Akamkumbatia Raija shingoni, kama watoto wanavyofanya.

"Raija, mimi nilikukosea. Naweza kusamehewa?"

Kwa watu wao, aombaye hanyimwi neno la msamaha. Lakini macho ya Raija yalikuwa kwenye fito juu ya mlango.

"Na zile je?"

Hilja akapanda kigoda, akazishusha, akazivunja, akazisukumia ndani ya moto wa jiko. Zilikuwa kavu, zikashika mara moja. Akarudi kupiga magoti.

"Kesho nakwenda mwenyewe kwa muuguzi. Nitamwambia hukuanguka."

"Halafu watanichukua?"

"Sijui, mwanangu." Akamfungua vifungo vya koti. "Lakini sitaki useme uongo kwa ajili yangu tena."

Akangoja. Aliwahi kungoja hukumu nyingi maishani, hakuna iliyomtisha kama hii. Mwishowe mikono midogo ikamzunguka shingo, na Raija akalitamka lile neno polepole, kama mtu anayejaribu barafu changa ya mtoni kwa mguu mmoja.