Matusi Matatu ya Zakayo

Mashine za vidole, zile za kufungulia milango, zilipoanza kuingia kwenye maduka ya Kariakoo, zilikuja na sauti ya bibi mmoja wa ng'ambo ambaye ungedhani ana mafua. Ukiweka kidole kikakubaliwa, anakushukuru kwa Kiingereza. Kikikataliwa, anakuagiza ujaribu tena kwa Kiingereza hicho hicho, bila hata kupandisha sauti. Wafanyabiashara waliishi naye miaka mitatu kwa sababu tu hawakujua kwamba anafukuzika.

Aliyemfukuza ni Zamda binti Nurdin, mtoto wa fundi redio wa Ilala. Zamda alikuwa akifunga mashine hizo kwenye milango ya stoo, kazi ya kutoboa ukuta na kuvuta nyaya, na siku moja akiwa anapekuapekua programu yake kwenye kompyuta akakuta mahali pa kubadilisha kila kitu: picha, rangi na sauti. Hakulala vizuri kwa furaha. Kuanzia hapo akawa hafungi mashine bila kumuuliza mwenye duka anataka iwe na sura gani na iseme nini, na watu wa Kariakoo ukiwauliza wanataka nini, umejitakia mwenyewe.

Muuza vyombo mmoja wa Mtaa wa Narung'ombe alitaka mashine ikohoe. Yaani ikikubali kidole cha mfanyakazi, itoe kikohozi chake yeye bosi, ili watu waingie stoo wakijua yupo hata kama kaenda Zanzibar. Zamda akamrekodi akikohoa mara kumi na moja, wakachagua cha saba. Muuza simu mwingine, mwanachama wa Simba wa kufa na kuzikana, alikasirika kuona kidole kikikubaliwa skrini inakuwa kijani na kikikataliwa inakuwa nyekundu. Alisema hawezi kulipia mtambo wa kuitukana jezi nyekundu ya timu yake. Zamda akageuza rangi, nyekundu ikawa ndiyo karibu na kijani ndiyo toka. Wiki nzima wafanyakazi wake walisimama mbele ya mlango uliokwisha kufunguka, wakisubiri. Yuko pia aliyetaka adhana, na huyo Zamda alimkatalia kabisa, akamwambia mlango wa stoo ya ndala si msikiti.

Sauti nyingi alizirekodi kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa na sauti nzito yenye kubembeleza, na ukikasirika naye kwenye simu unajikuta umesahau ulichopigia. Ni sauti hiyo iliyomnasa Rajabu, karani wa kupima samaki pale Feri, kijana wa miaka thelathini na nane anayeweza kumaliza siku nzima kwa maneno yasiyojaza kiganja. Walikuwa pamoja mwaka wa pili. Zamda alimpenda, na umri wake wa miaka thelathini na tano ulimfanya asione haya kukiri hivyo. Barua ya posa ilikuwa imeshaandikwa na imeshatiwa kwenye bahasha. Ilikuwa inangoja ruhusa ya mtu mmoja tu, Bi Chiku, mama yake Rajabu, mjane wa Ilala ambaye Zamda alikuwa hajapata kumwona zaidi ya kwenye picha moja ya harusi, ambamo alikuwa amejifunika mtandio hadi puani.

Rajabu alimwambia asiwe na wasiwasi, mama atakuja mwenyewe kumtazama kwa wakati wake. Ndivyo wanavyofanya kina mama wa mjini. Hawatoi taarifa, kwa sababu msichana akipewa taarifa hata nyumba yenye kunguni inanukia udi.

Basi katika maduka aliyoyahudumia, alilolipenda zaidi ni la Ghanim, muuza vitambaa vya mapazia kwa jumla. Hakulipendea mapazia. Alilipendea Zakayo, mtunza stoo, Mnyamwezi wa Sikonge, kwenye asali na tumbaku, mwenye mabega ya kubebea kabati. Zamda ni Mzaramo wa baba na mama, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu mababu wa Zakayo walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Kwa hiyo hawakuwahi kusalimiana kama binadamu wengine. Yeye akimwona Zakayo anamuuliza mzigo ameuacha wapi. Zakayo akimwona yeye anamuuliza kama kwao bado wanauza shamba ili wakacheze ngoma. Mteja mgeni angeweza kuita polisi, kumbe ndiyo wanapendana hivyo.

Sasa mashine ilikuwa haimtaki Zakayo. Miaka ishirini ya kukata kamba za katani na kuchana maboksi ilikuwa imemlainisha ncha za vidole, mistari yote imekwisha. Kila asubuhi mashine inamkataa mara ya kwanza, inamkataa mara ya pili, na mara nyingine hata ya tatu, mpaka ajipanguse kwenye suruali na kuanza upya. Wafanyakazi wenzake wanne walikuwa wanakubaliwa palepale. Zamda alipoona hivyo, shetani la utani likampanda. Akaona anayekataliwa duka zima ni Zakayo peke yake, na programu inaruhusu kuweka sauti tofauti kwa kukataliwa kwa kwanza, kwa pili na kwa tatu. Akajifungia chooni kwa Ghanim, mahali pekee palipokuwa na utulivu, akarekodi.

Kukataliwa kwa kwanza, mashine ilisema: "Nani huyo? Kidole kimejaa asali, kucha zimejaa tumbaku. Kanawe." Kwa pili: "Bado wewe tu? Mpagazi, mlango wa mizigo uko nyuma." Na kwa tatu: "Mara tatu umeshindwa. Hata ng'ombe wa mnada wa Pugu angekuwa ameshaingia."

Zakayo aliposikia siku ya kwanza alikaa chini kwenye robota la mapazia akacheka mpaka machozi. Kisha akaanza kukataliwa kwa makusudi, ili asikie lile la tatu. Ghanim mwenyewe, ambaye si mwepesi wa kucheka, alikuwa akileta wateja wake wasikie.

Kosa lilikuwa palepale na Zamda hakuliona. Mashine ikimkubali mtu inamjua jina, na unaweza kumpangia kila mmoja salamu yake. Ikimkataa mtu haijui ni nani. Matusi yale hayakuwa na jina la Zakayo popote. Yalikuwa ya yeyote ambaye mashine haimfahamu, yaani ya dunia nzima ukitoa watu wanne na Ghanim.

Jumamosi moja mchana, duka limejaa, Zamda alikuwa juu ya ngazi akibadilisha waya karibu na mlango wa stoo. Akaingia mama mmoja wa makamo, baibui safi, mkoba mkononi. Akashikashika mapazia bila kuuliza bei ya hata moja. Akausogelea mlango wa stoo, akaitazama mashine, akainama, akaitazama kwa karibu. Kisha, kwa taratibu, akaweka kidole.

Mashine ikamwambia akanawe.

Mama yule akashtuka, akakitazama kidole chake. Akaweka tena. Ikamwambia mlango wa mizigo uko nyuma. Na Zamda, huko juu ya ngazi, akaanza kucheka. Alicheka hasa, bisibisi ikamponyoka, na mama alipoweka kidole mara ya tatu, labda kwa ubishi, ng'ombe wa Pugu alipotajwa duka zima lilikuwa linacheka na Zamda amekumbatia ngazi asianguke.

Mama hakucheka. Aliinua uso akamuuliza yule wa kwenye ngazi, kwa upole kabisa, "Wewe ndiye Zamda wa Rajabu?"

Zamda alishuka ngazi ile bila kujua alishukaje. Alisema shikamoo, akasema mama, akasema tena shikamoo. Sauti yake iliyokuwa ikibembeleza Kariakoo nzima ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. Bi Chiku alimtazama kidogo, akasema mashine yake ina mdomo, akashika mkoba wake akaondoka.

Zamda alilia. Hakuna haja ya kuzunguka. Alilia nyuma ya marobota ya mapazia mpaka Ghanim akampelekea kahawa. Mkwe hatukanwi. Mkwe hata jina lake hutaji ovyo, ukikutana naye njiani unatafuta upande wa kupita. Yeye alikuwa amemwita mpagazi mbele ya watu, kwa sauti yake mwenyewe, na kumwambia ng'ombe anamshinda. Jioni Rajabu akapiga simu, na kwa maneno yake machache akamweleza kwamba mama hajasema kitu, ila ameichukua ile bahasha ya posa na kuitia chini ya godoro lake.

Siku tatu Zamda hakutoka. Ya nne alikwenda kwa Ghanim, akajifungia tena kule chooni na kufanya alichojua kufanya. Aliyafuta matusi yote matatu. Mahali pake akaweka sauti ya unyonge: "Samahani sana, mama yangu. Nimekosa. Nakuomba radhi." Kwa kukataliwa kwa pili, hivyo hivyo, na kwa tatu, kwa kwikwi kidogo. Aliweka hata picha ya maua kwenye skrini. Alifikiri kwamba ikiwa Bi Chiku atarudi tena kimyakimya na kuweka kidole, basi atapata haki yake.

Bi Chiku hakurudi. Aliyepata radhi ni Zakayo. Asubuhi ya kwanza mashine ilimwita mama yangu mara tatu. Asubuhi ya pili ikamwita mara sita, maana mikono ilikuwa na jasho. Ya tatu wapagazi wa mtaa mzima walikuwa wanamwita mama yangu. Jumapili Zakayo hakungoja zaidi. Alimfuata Zamda kwao, akamwambia avae viatu, wanaenda kwa Bi Chiku. Zamda akasema afadhali afe. Zakayo akasema utakufa ukirudi, akatangulia.

Walimkuta Bi Chiku uani, ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi ya wali. Zamda akabaki kwenye kona ya ukuta, nusu uso. Bi Chiku aliponyanyuka kwenda kutazama jiko, Zakayo akapiga hodi, akaingia, akaikalia ile mbuzi kwa mwili wake wote. Kwao watani hiyo ni haki. Mtani akikushikia kitu chako, unakikomboa kwanza ndipo unakipata.

"Shikamoo, mama," alisema. "Mimi ni mtunza stoo wa Ghanim, nimekuja kudai. Jumamosi ya wiki iliyopita ulichukua matusi yangu matatu. Babu zangu walitembea kwa miguu kutoka Sikonge mpaka hapa wakitukanwa na babu zenu kila penye kivuli. Yale ni haki yangu. Tangu umeyachukua, mashine inaniita mama na kuniomba radhi. Siinuki hapa mpaka niyapate."

Bi Chiku alisimama na mwiko mkononi. Akamuuliza ni Mnyamwezi kweli. Zakayo akasema mpaka kwenye kisigino. Basi Bi Chiku, ambaye naye ni Mzaramo wa Kisarawe, akamtazama kuanzia miguuni kwenda juu, akavuta pumzi, akamrudishia. Aliyakumbuka yote matatu neno kwa neno, na alipoyamaliza akaendelea na ya kwake. Alimwambia kama anataka kuwa mzigo akae kwao, si kwenye mbuzi yake. Alimuuliza kama nazi aliwahi kuiona akiwa mdogo au alidhani ni fuvu la mjomba. Majirani walitoka. Zakayo alikuwa anapokea huku amefumba macho, na kila moja analiitikia asante.

Zamda pale konani akajikuta anatabasamu. Ndipo Bi Chiku akageuka, akamtazama moja kwa moja. Alikuwa amemwona muda wote.

"Wewe sogea," alisema. "Tusi nililijua si langu. Mimi na asali wapi na wapi? Lakini kicheko kilikuwa changu. Ulinicheka ukiwa juu ya ngazi hujui mimi ni mama wa nani. Kisha ukaenda kuiomba radhi mashine. Mashine iko Kariakoo, mwanangu. Mimi nakaa Ilala."

Zamda alisogea. Alipiga magoti kwenye machicha ya nazi. Maneno aliyoyasema hakuyapanga wala hakuyarekodi, mengine yalitoka nyuma mbele, na katikati alisahau kabisa alikuwa anasema nini akabaki anasema mama, mama tu. Alisema ana aibu. Alisema asingemcheka mama yake mzazi vile, basi kwa nini alimcheka mama wa mtu. Alisema anampenda Rajabu, jambo ambalo hakuna aliyemuuliza, na majirani wakaguna kwa raha.

Bi Chiku alimsikiliza mpaka mwisho, hakumsaidia hata neno moja. Akakorogakoroga jikoni, akaonja chumvi, akarudi akamgonga Zakayo begani kwa mwiko.

"Inuka, Mnyamwezi, umeshalipwa," alisema. "Mpishe mkwe wangu akune nazi."