Skrinshoti ya Wifi

Kupiga skrinshoti nilimfundisha mimi mwenyewe, wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alipokuja Mbulumbulu kujifungulia kwa mama yake. Tulikuwa jikoni tukichambua maharage. Bana hapa na hapa kwa pamoja, basi. Siku ile alipiga kila kitu, hadi salio.

Mtoto alipozaliwa akaniomba niwe mama wa ubatizo. Mimi sina mtoto, na huku kwetu mwanamke wa namna yangu akipakata mtoto wa mwenzake, watu humtazama kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo nililia. Nikanunua shali jeupe la kumfunikia mtoto, nikalipiga pasi mpaka mama mkwe akacheka.

Shangazi yao wa Buger akaandika kwenye grupu la familia: huyo asimshike mtoto, atampa mkosi. Kwanza nani kamchagua? Wifi, maskini, akanitetea. Ili wote waone kwamba ni yeye aliyeniomba, akapiga skrinshoti ya meseji zetu, akaitupa grupuni.

Nikaifungua. "Wifi, wewe ndiye mama yake wa pili." Tamu kweli. Lakini juu kabisa, mahali pa jina langu, likaonekana jina alilonisevia kwenye simu yake: Tasa wa Kaka.

Kisha shangazi: "Kumbe hata wewe unajua."

Wifi akafuta, ila wenye macho walikuwa wameshaona. Mume wangu aliisoma, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Jioni mama mkwe akaniambia, bila hata kukaa, "Mwanangu, msimamizi tumepata mwingine. Wewe utatupiga picha, si unaijua simu?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu nilikifunza na kazi.

Jumapili, nje ya kanisa, wifi akanipa simu yake, eti kamera yake ni nzuri kuliko yangu. Alitabasamu. Nikajiambia, labda ameshabadilisha. Mtoto alikuwa amelala mikononi mwa mwanamke mwingine, ndani ya shali langu. Nikamlenga vizuri, kisha kwa mkono wa pili nikaibipu simu ile kwa yangu. Jina likajitandaza kwenye kioo, likamfunika mtoto paji la uso: Tasa wa Kaka.

Nikabana hapa na hapa.

Nikaituma grupuni kwa simu yake yeye, na maneno chini: "Mtoto wetu amebatizwa."