Kondoo Aliyelala Chali Njia ya Pantoni

Sikwenda Uskoti kuangalia milima. Milima tunayo. Nikifungua mlango wangu hapa Bonga, Babati, naona mlima, na sijawahi kumwita mtu aje aupige picha. Nilikwenda kumkabidhi binti yangu kwa mwanamke mwenzangu, basi.

Binti yangu aliolewa na Mskoti aliyekuja kuchimba visima Mutuka, wakati mkoa wetu ni mpya na Babati kila siku inafunguliwa ofisi isiyo na viti. Harusi ilikuwa Bagara. Mama yake kijana hakuja. Alituma neno kwamba kondoo wake wanazaa. Jirani yangu alinisogelea na sahani ya pilau mkononi: "Mama bibi harusi, yaani tumeshindwa na kondoo?" Nilimwambia ale anyamaze. Lakini neno lile lilinikaa moyoni.

Mimi nilipoolewa, mama yangu alinishika mkono mpaka ndani kwa mama mkwe, akampa kibuyu cha maziwa, akasema: huyu sasa ni wako, akiumwa usiniambie baadaye. Wangu alipanda ndege bila kukabidhiwa kwa yeyote. Kisha akapata mimba, ikafika miezi saba, na kule hana dada, hana shangazi, hana hata jirani wa kumgongea. Wakanitumia tiketi. Nikabeba kibuyu nilichokifukiza moshi mwenyewe, nimekifunga kwenye kanga mbili.

Wiki tatu nzima naambiwa "kesho tutakwenda kwa mama". Huyo mama anakaa kisiwa kingine, na kwenda huko ni barabara, halafu pantoni. Tulikuja kuondoka zimebaki siku mbili nirudi nyumbani.

Mkwe wangu anaendesha, binti yangu pembeni yake na tumbo lake, mimi nyuma, kibuyu mapajani. Barabara inatosha gari moja tu. Mkikutana, mmoja anaingia kwenye kijinafasi pembeni, na yule anayepita anainua kidole. Kidole kimoja! Hasimami, haulizi habari za nyumbani.

"Wanafahamiana?" niliuliza.

"Hapana, mama. Ndiyo salamu."

"Hiyo salamu ya mtu anayefukuza nzi."

Kila kona mkwe wangu anasimama. "Mama, tazama! Nzuri sana!" Anashuka na kamera, anarudi amelowa, anaketi, anasema, "Shikamoo, Mama." Alifundishwa shikamoo Babati, nadhani hakuna aliyemwambia kwamba asubuhi moja inatosha mara moja. Marahaba ya kwanza nilimpa. Ya pili nikampa. Ya tano sikujibu.

Akasimama tena. "Mama, ziwa!"

"Lina viboko?"

Akacheka. "Hapana."

"Basi la kwetu linalizidi. Twende."

Binti yangu akageuka. "Mama, jamani. Anataka upapende kwao."

"Mimi nataka nifike. Pantoni inaondoka saa ngapi?"

"Saa sita kamili. Nyingine ni jioni, kama upepo haujazidi."

"Na ukizidi?"

Nikamwona anajishika kiuno, nikazidi kukasirika, maana mwenye mimba ya miezi saba hatembezwi hivyo kwa ajili ya picha.

Kondoo walikuwa kila mahali, hata katikati ya lami, wamepakwa rangi mgongoni, na mchungaji hakuna. Hilo liliniudhi kuliko mvua. Tulipokuwa karibu kuteremka bandarini nikamwona mmoja amelala chali, miguu juu.

"Simama!"

"Mama, hapa hakuna kitu cha kutazama," mkwe wangu akasema. Yeye! "Zimebaki dakika ishirini tu."

"Nimesema simama."

Kondoo mwenye manyoya mazito yaliyolowa akianguka chali hawezi kujigeuza. Tumbo linajaa hewa, anakufa hivyohivyo watu wakipita. Wenzangu walipokuwa shule mimi nilikuwa nachunga, kwa hiyo hayo nayajua kuliko herufi. Nikampa binti yangu kibuyu, nikaingia kwenye tope, nikamgeuza. Lakini ukimwachia palepale anaanguka tena, maana miguu imekufa ganzi. Nikambana kwa magoti, nikasubiri.

"Mama, tayari?" mkwe wangu akaita.

"Bado."

"Mama, pantoni..."

"Bado, nimesema!"

Alipokaza miguu nikamwachia. Akaenda bila kugeuka nyuma.

Tulipofika, pantoni ilikuwa imekwisha kuacha gati, inafunga mlango wake. Mkwe wangu akazima gari, akaweka mikono kwenye usukani. Angenigombeza ningekuwa na la kumjibu, ningemhesabia vituo vyake vyote. Mtu mwenye koti la njano akaja dirishani, akasema ya jioni haitakwenda, upepo. Labda kesho. Na kesho mimi natakiwa kuanza safari ya ndege. Nikafungua kanga ya kibuyu, nikaifunga upya. Nikaifungua tena.

Mara dirisha likagongwa kwa nguvu. Mama mzee, mfupi, kavaa gambuti, anamfokea mkwe wangu kwa kidole. Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Ile ndiyo sauti ninayotumia mimi.

"Ndiye mama yake," binti yangu akasema. "Amevuka na pantoni hiyohiyo kutupokea. Anasema alijua tu mwanawe atasimama njiani. Hakutuona, akaiacha iondoke."

Mkwe wangu akajitetea, akaninyooshea mkono, akamweleza habari za yule kondoo. Yule mama akaangalia viatu vyangu vilivyojaa tope, akauliza kitu.

"Anauliza, ulimshika mpaka akasimama mwenyewe, au ulimwachia tu?"

"Mwambie nilimshika."

Akatikisa kichwa kukubali, akatuongoza kwenye kibanda cha abiria. Nilipoketi nikasema, "Mwambie hakuja harusini."

"Mama, siwezi kusema hivyo."

"Sema."

Akasema. Yule mama hakukwepesha macho. "Anasema ni kweli, hakuja. Na baadhi ya kondoo walikufa hata hivyo."

Hapakuwa mahali pake. Binti anakabidhiwa ndani ya nyumba, penye moto, si kwenye benchi la abiria, mashine ya soda ikinguruma. Lakini siku zangu zilikuwa zimekwisha. Nikauchukua mkono wa binti yangu nikauweka kwenye mkono wa yule mama, na kibuyu juu yake, nikasema yale aliyoyasema mama yangu, yote mpaka akiumwa usiniambie baadaye. Binti yangu akayatafsiri huku analia.

Mkwe mwenzangu akanusa kibuyu, moshi ukampalia, akakohoa. Kisha akasema kwa kirefu.

"Anasema atakuja kukaa kwangu wiki moja kabla sijajifungua, na atabaki mpaka nisimame vizuri."

"Na kondoo?"

"Jirani yake atawaangalia."

Na kweli alikwenda, akakaa mwezi mzima. Kwa hilo sina neno. Lakini nyumba yake sijaiona mpaka leo, sijui binti yangu anaketi wapi akienda ukweni. Mkwe wangu alinitumia bahasha nzima ya picha. Milima, ziwa, milima tena. Ya nyumba ya mama yake hakuna hata moja.