Mkanda Mmoja wa Lori la Mahindi

Bisha ukitaka: mimi, niliyeacha shule darasa la sita, niling'oa mikanda mitatu na puli zake kwenye injini ya lori kuukuu nikafunga mmoja mrefu, unaojipinda kama nyoka kwenye puli mpya zote. Mafundi wenzangu wa mtaa wa Rusimbi walinuna kwa wivu.

Lori lilibeba mahindi ya kambi ya wakimbizi, ambako chakula kilikuwa kimeisha tangu juzi. Tulifika mtaa wa Buzebazeba tu, hata mjini hatujatoka, maji ya rejeta yakachemka. Dereva, mzee aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, alinitazama kwa uchovu.

"Fundi, si ulisema mkanda wa kisasa?"

"Wa kisasa, Mzee. Rejeta ndiyo ya kizamani."

Mpakiaji wetu, mkimbizi wa Burundi, alishuka kutoka juu ya magunia, akazungusha kidole kinyumenyume. "Mwana wanje, mwanangu, mkanda umepita kwa mgongo kwenye puli ya pampu. Pampu ya maji inazunguka kinyume."

Akafungua kiroba chake. Mlikuwa na zile puli za zamani na mikanda yake mitatu. Tukavirudisha, mahindi yakafika jioni.

Nilichoacha kusema ni kwamba alinionya asubuhi, gerejini. Nilimjibu kuwa mkimbizi hanifundishi kazi. Akaokota puli na mikanda niliyoitupa, akavitia kirobani. Wanawe walikuwa kambini wanayasubiri mahindi hayo.