Siku Niliyomsimamisha Mzee Simbeye kwa Bunduki Tupu

Jamani, mkitaka kunicheka chekeni sasa hivi mmalize, maana aibu yenyewe sikuipata mafichoni, niliipata mchana kweupe mbele ya malori yaliyojaa askari, na (hili ndilo linaloniuma mpaka leo) mbele ya wakwe.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya Wazungu. Jeshi lilikuwa na kambi pale Tunduma, malori yakitoka kusini yanalala hapo kabla ya kuendelea kaskazini, nami kijana wa kijiji cha Ruanda, huku huku kwetu, niliyechoka kupalilia kahawa ya baba nikaajiriwa kulinda lango. Nasema lango, lakini ulikuwa mti mmoja uliolazwa juu ya nguzo mbili, uzio hakuna, mbuzi wanapita kushoto na kulia wanavyotaka. Bunduki tulipewa, risasi hatukupewa. Sajini alizifungia sandukuni akisema sisi washamba tutauana wenyewe, akatuamuru tujaze chochote kwenye vile vifuko vya risasi vya kiunoni, mradi vitune. Hivyo ndivyo Mfalme wa Uingereza alivyolindwa huku kwetu.

Basi asubuhi hiyo akaja mzee Simbeye na mkewe na binti yao Eliza, wamebeba maharage ya jikoni kwetu kama kawaida. Eliza ndiye niliyekuwa namposa, mjomba wangu alikwishapeleka maneno, tunasubiri jibu. Kila siku niliwafungulia bila neno, nikichutama na kupiga makofi ya heshima. Siku hiyo, kwa kuwa nilikuwa nimevaa sare iliyopigwa pasi, nikaona Eliza anitazame vizuri.

"Simama! Nani huyo?"

Mzee akatazama nyuma, akidhani nasema na mtu mwingine. "Ni mimi, mwanangu. Umeugua macho?"

"Toa neno la siri!"

"Neno gani? Mimi nimeleta maharage."

Nikamwelekezea bunduki. Mama Eliza akatua kikapu chini, akageuza uso. Hapo ningeweza kucheka nikasema ni utani, lakini nyuma yao ilikuja gari ya afisa wetu Mzungu, na nyuma yake malori, na mti uko chini. Afisa akashuka akitabasamu.

"Mzuri sana, askari! Uliza mimi pia."

Nikamuuliza. Akasema, "Tumbaku."

Sasa sikilizeni. Neno lilibadilishwa jana yake, nami wakati linatangazwa nilikuwa napiga pasi suruali. Nikawaza, Mzungu hawezi kukosea neno lake mwenyewe. "Pita, bwana!" nikasema kwa sauti ya kupasua koo, nikauinua mti.

"Tumbaku ni uongo," akasema, tabasamu limekwisha. "Neno ya kweli nini?"

Askari wote wamening'inia kwenye malori wananitazama. Mama Eliza, ambaye kwa mila zetu hakupaswa hata kusema nami, akamnong'oneza mumewe kwa huruma, nayo ikasikika mpaka lori la mwisho: "Mwambie ni pilipili. Mpishi alitwambia tangu jana."

Malori yalicheka mpaka nikadhani yatapinduka. Nami, nikitaka kuokoa kilichobaki, nikapiga saluti ya nguvu, kifuko kikafunguka, na mbele ya jeshi zima zikamwagika karanga. Karanga za kukaanga! (Wenzangu walijaza kokoto, lakini kokoto hazitafuniki.) Mbuzi wakaja wakazila miguuni pangu.

Afisa hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinipokonya bunduki akamshikisha mzee Simbeye, mimi nikaamriwa kubeba vikapu vyote vitatu mpaka jikoni, kimoja kichwani na viwili mikononi, Eliza akitembea mbele mikono mitupu, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mzee alisimama langoni ameegemea bunduki kama mpini wa jembe, na kambi haikutekwa.

Jibu la posa lilifika kabla ya Jumapili. Mzee alimwambia mjomba: "Kijana wako ana sauti. Mtafutie kazi ya kufukuza nyani." Eliza akaolewa na yule mpishi mropokaji, nami nikarudi Ruanda kupalilia kahawa niliyoikimbia.

Tangu hapo niliapa, na kiapo nimekishika: anayebisha hodi kwangu simuulizi yeye ni nani. Nasema karibu. Akiwa mwizi, atanisamehe kwa kumpotezea muda.