Neno la Tatu la Bibi Vernell

Kila sikukuu ya waasisi, Bibi Vernell Tubbs hurudi chuoni kwake kule Alabama, kwenye nyumba ya chama cha akina dada alichokianzisha na wenzake enzi za usichana. Mwaka huu wanachama wapya walijipanga bega kwa bega, wakakariri nguzo za chama kwa sauti moja: "Udada! Elimu! Utumishi!"

"Bibi, hilo la utumishi mlilipataje?" mmoja akauliza. "Mlifunga mkaomba?"

"Tufunge nini? Tulikuwa tumeshiba samaki!" Bibi Vernell akaangua kicheko. "Vyombo vimejaa kwenye sinki, huyu Ozella kajitia anaumwa kichwa. Nikaliandika kwa hasira, limuingie!"

Wote wakamgeukia Bibi Ozella, muasisi mwenzake, aliyekuwa anamalizia pai yake chini ya picha yake kubwa ukutani, iliyoandikwa UTUMISHI.

"Halijaniingia mpaka leo," alijibu bila haya, akamsogezea Vernell sahani. "Shoga, kichwa kinaanza."

"Mvivu wee! Utazikwa na sahani zako!" Vernell alifoka, huku ameshakunja mikono ya gauni anaelekea kwenye sinki. Mlangoni akawageukia wasichana.

"Mnaona sasa kwa nini udada tuliutanguliza?"