Mfumo Unaojiendesha na Mama Kiungo

Kazi ya Mama Kiungo kwenye duka la magodoro ilikuwa moja tu: kutoa oda kwenye tovuti ya duka na kuziingiza kwenye programu ya ghala. Jina lenyewe lilitokana na hiyo kazi.

Kisha akaletwa fundi wa kompyuta, akaiunganisha mifumo hiyo miwili kwa kitu alichokiita webhuku. "Mteja akiagiza tu," alieleza, "tovuti yenyewe inaliarifu ghala papo hapo. Hahitajiki mtu wa katikati." Mama Kiungo akaanza kufunga virago moyoni.

Bosi alipoona godoro la kwanza linatoka ghalani bila yeye kuulizwa, sura ilimshuka. "Sasa mimi napitia wapi hapo?"

Fundi alishazoea wakubwa, hakubishana. Akaigeuza njia: taarifa ianze kwa simu ya bosi, abonyeze "Kubali", ndipo iende ghalani.

Asubuhi nzima bosi alibonyeza, simu ikilia kama mtoto anayeumwa tumbo. Mchana uzalendo ukamshinda. "Mama Kiungo, hebu nishikie hii simu. Wewe kazi za kukaa unaziweza."

Wiki iliyofuata alipewa cheo na kibao cha mlangoni: Msimamizi wa Mifumo Inayojiendesha. Wageni wakija, bosi huwaonyesha kwa madaha jinsi oda zinavyokwenda zenyewe, bila mkono wa mtu.

Leo, katikati ya maelezo hayo, Mama Kiungo aliinuka kwenda chooni, na mfumo wote ukasimama kumngoja.